Je, alama za uaminifu zinatosha kumlipa muuzaji kabla ya mzigo kufika?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ni salama kumtumia muuzaji wa Dar es Salaam usiyemfahamu fedha za kununulia kompyuta, kwa kuwa tu ana alama nyingi za uaminifu kutoka kwa wanunuzi waliotangulia. Kwa miaka kadhaa nimenunua na kuuza simu na kompyuta zilizotumika mtandaoni, na kwa muda nilikuwa miongoni mwa wasimamizi wa jukwaa moja la biashara. Kwa niliyoyaona, alama hizo hukukinga na tapeli mvivu, yule aliyefungua akaunti jana na leo anatangaza simu kwa nusu bei. Tapeli mwenye subira huzifanya mtaji.

Tulikuwa na muuzaji wa kava na chaja, bidhaa za shilingi elfu kumi au kumi na tano, ambaye alituma mizigo mikoani kwa basi bila kumwangusha mteja hata mmoja. Baadaye akatangaza kompyuta kwa bei iliyo chini kidogo tu ya ile ya dukani, maana bei ya kutupa ingewashtua watu. Wanunuzi wa Mwanza, Mbeya na Arusha walilipa karibu kwa wakati mmoja, na kila mmoja akatumiwa picha ya risiti ya kifurushi. Tulipozikusanya picha hizo tukakuta ni risiti ileile, na katika kila picha kidole gumba kimewekwa juu ya tarehe. Sifa zake hazikuwa za kughushi, kwani kila aliyemsifu alikuwa kweli amepata kava lake. Ila hakuna aliyekuwa amempima kwa fedha ya kiasi kile.

Mambo hayo hayakuanzia kwetu. Trendon Shavers wa Texas, aliyejiita pirateat40 kwenye jukwaa la watumiaji wa Bitcoin, sarafu ya kidijitali, alianza mwaka 2011 kuwaahidi waliomkabidhi bitcoin zao riba ya hadi asilimia 7 kwa juma. Waliolipwa walimtetea hadharani dhidi ya waliomtilia shaka, na utetezi huo ukawavuta wengine, ilhali riba ya wa mwanzo ilitoka kwenye fedha za waliofuata. Mpango ulianguka Agosti 2012, baada ya kukusanya, kwa mujibu wa mamlaka inayosimamia masoko ya hisa na dhamana nchini Marekani (SEC), bitcoin zisizopungua 700,000. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu, adhabu ambayo mimi naiona nyepesi mno.

Jingine ni kwamba malalamiko mengi hayaandikwi. Katika eBay, soko la mtandaoni la Marekani lililoanzisha mfumo wake wa maoni mwaka 1996, mnunuzi aliyelalamika aliweza kulipiziwa alama mbaya na muuzaji, hadi kampuni ilipowanyima wauzaji uwezo huo mwaka 2008. Kwetu sisi wasimamizi, watu walilalamika faraghani huku wakiomba majina yao yasitajwe, kwa hofu ya kushushiwa alama na marafiki wa muuzaji, na ukurasa wake ukabaki safi.

Kwa hiyo usihesabu alama, zisome. Angalia zilitolewa kwa bidhaa za thamani gani, na kama waliozitoa wana shughuli nyingine jukwaani au wote walijiunga karibu siku moja na kumsifu mtu huyohuyo. Akaunti ya zamani iliyonyamaza kwa muda mrefu, kisha ikaibuka na mwandiko mwingine, mara nyingi imeuzwa au imedukuliwa.

Kwa kompyuta uliyoitaja, mwombe ndugu au rafiki aliye Dar es Salaam aende dukani aiwashe, akague chaji na hifadhi yake, kisha ulipe yeye akiwa palepale. Muuzaji akikataa kwa kisingizio kwamba alama zake zinatosha, tafuta mwingine.