Kufunga saspensheni ya kisasa kwenye gari la zamani

Ndugu, nimekuelewa: unataka kufunga saspensheni ya mbele ya gari jipya kwenye gari lako la zamani. Inawezekana, ila pima kwanza upana kati ya magurudumu ya magari yote mawili, tairi zisije zikakwaruza bodi.

Penye kazi hasa ni reki ya usukani, yaani chuma kinachosukuma magurudumu ya mbele kulia na kushoto unapozungusha usukani. Ikikaa juu au chini ya mahali pake hata kwa milimita chache, gari litavuta pembeni kila likipita kwenye shimo. Toa springi, nyoosha usukani, pandisha na kushusha gurudumu kwa jeki. Likigeuka waziwazi kulia au kushoto, reki imekaa vibaya.

Uchomeleaji wa saspensheni hiyo kwenye chesisi, yaani fremu ya gari, usijaribu mwenyewe. Weldi ikiachia barabarani unaweza kupoteza maisha, kwa hiyo mpe fundi aliyebobea, na aikague kabla hujaendesha.