Diski haionekani wakati wa kuweka Windows

SWALI: Naweka Windows 11 kwenye laptop yenye prosesa ya Intel kizazi cha 11. Nikifika pa kuchagua diski, orodha ni tupu, ingawa BIOS inaionyesha SSD. Je, imekufa?

JIBU: SSD ni nzima, usikimbilie kununua nyingine. Laptop nyingi za kizazi hicho hutoka kiwandani VMD (mfumo wa Intel wa kusimamia diski) ikiwa imewashwa. Hapo SSD ya NVMe (aina ya SSD ya kasi) hukaa nyuma ya kidhibiti cha Intel, na flashi ya Windows uliyoandaa huenda haina draiva yake, yaani programu ya kukitambua.

Kama diski haina kitu cha kuokoa, zima VMD. Washa mashine huku ukibonyezabonyeza F2 (HP ni F10) uingie BIOS, tafuta "VMD Controller", weka Disabled, kisha hifadhi. Acer huificha: ukiwa ukurasa wa Main, bonyeza Ctrl+S ndipo ijitokeze.

Ila kama kuna Windows ya zamani unayoihitaji bado, usiiguse VMD. Ukiizima, ile ya zamani itagoma kuwaka na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, mpaka uirudishe. Afadhali upakue draiva ya Intel RST, ndiyo inayokifanya kisakinishi kiione diski iliyo nyuma ya VMD. Wengi hukwama hapa kwa kunakili SetupRST.exe kama ilivyo, kisakinishi hakiisomi. Kwanza toa draiva zilizomo ndani yake, kwenye kompyuta nyingine, kwa amri hii:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\RST

Nakili folda hiyo ya C:\RST kwenye flashi, rudi pa kuchagua diski, bofya "Load driver", chagua iaStorVD.inf. Diski itatokea bila hata kuwasha upya.