Apdeti zilizoahirishwa usizilazimishe, nakuomba

Yakhe wa Mkoani, hiyo komandi uliyopewa usiiguse! Umesema Ubuntu yako 24.04 (mfumo wa Linux wa kuendeshea kompyuta) kila siku inakwambia kuna apdeti zimeahirishwa, fundi kakwambia upige full-upgrade, komandi ya kupandisha programu zote hata kwa kuondoa nyengine, na -y mwishoni zipite zote kwa nguvu, na unauliza kama umalize bando sasa ama usubiri usiku. Bando tuliache kwanza.

Maneno hayohayo nliambiwa mimi na fundi mmoja wa Darajani, na pesa yangu kachukua. Kompyuta yenyewe ndo ya dukani kwangu Wete, ya kuprintia mitihani ya skuli. Ilikuwa na PPA, yaani ghala la programu la nje ya Ubuntu wenyewe, ya draiva za kadi ya video, na pakeji zake (vifurushi vya programu) zikagongana na za Ubuntu. Sasa apt, ile programu ya Ubuntu ya kuweka na kuondoa pakeji, ukiiacha ikuulize, inakuonesha vitu itakavyoviondoa halafu inasubiri jibu lako. Ile -y maana yake ushajibu ndiyo kabla hujaulizwa! Ikapita mbio, mi nahudumia mteja, kuja kutizama: gdm3 (inayoleta ukurasa wa kuingilia) inaondolewa, ubuntu-desktop (inayokusanya madirisha na programu zake) inaondolewa, network-manager (ya mtandao) nayo inaondolewa. Kuiwasha upya, kioo cheusi kinataka jina na paswedi tu, hamna madirisha, hamna wi-fi, na bila network-manager hizo pakeji ntazishusha na nini? Nkaazima flashi yenye Ubuntu nikawashia hapo, nikanusuru mafaili, nikaweka mfumo upya kutoka mwanzo, na mitihani ya watu ikaenda kuprintiwa duka jengine na skuli ile haijarudi kwangu mpaka leo. Nampigia fundi ananambia "Linux ndo ilivyo". Sivyo ilivyo bwana! Kama hujui sema hujui, usimuuzie mtu komandi uliyoiokota huko.

Sasa sikiliza. Ikiwa kompyuta imeandika "deferred due to phasing", huo si ubovu. Ubuntu wenyewe wanazitoa kidogokidogo, na tangu toleo la 21.04 apt inafuata utaratibu huo: kompyuta chache zinapata mwanzo, wanatizama ripoti za hitilafu, zikizidi wanasimamisha, zikiwa shwari wanapanua mpaka zifike kwa wote. Apdeti za usalama haziingii kwenye foleni hiyo, zinakuja moja kwa moja, kwa hivo kungoja hakukuhatarishi. Piga sudo apt update, halafu sudo apt upgrade ya kawaida ambayo haiondoi pakeji hata moja, zitakazobaki ziache, zitakuja zenyewe.

Ikiwa imeandika "kept back" bila ya hilo neno la phasing, mara nyingi kuna kitu inataka kuongeza au kuondoa ndo ipite. Hapo piga kwanza sudo apt full-upgrade -s. Hiyo -s ni ya majaribio, haibadilishi chochote. Tafuta mistari inayoanza na Remv, usome jina mojamoja, na ukiona ubuntu-desktop, gdm3 au network-manager simama hapohapo. Na -y usiiweke kabisa, hata akikwambia nani.

Huyo fundi wako muulize hiyo -y kazi yake nini, akibabaika chukua kompyuta yako uondoke. Halafu hiyo mistari ya Remv nibandikie hapa kabla hujakubali kitu, hata ikiwa saa nane usiku ntaisoma.