Simu inakuachia tu, ndugu yangu

Ndugu uliyeuliza kama programu za sataranji zimefika kiwango cha grandmasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji, ukaongeza kwamba wewe unaifunga ya simu yako karibu kila usiku: hata mimi nilikuwa na kiburi hichohicho.

Hapa Lamu wacheza sataranji tunahesabika. Barazani watu ni bao, dhumna na karata. Sisi watatu wanne hukutana baada ya Alasiri pale Mkunguni, mbele ya Ngome, na ubao wenyewe una kete tatu tu za ngome. Ya nne ilipotea zamani, twaweka kifuniko cha soda. Siku moja nikawatambia wenzangu kwamba simu hainiwezi. Kijana mmoja akaichukua, akatazama mipangilio, akacheka: ngazi ya tatu. Akaipandisha hadi juu kabisa. Hatua ya kumi na tisa mfalme wangu hana pa kukimbilia, na kahawa yangu bado ya moto.

Ikabidi nichunguze. Stockfish, ile injini ya sataranji ya bure inayotumiwa na programu nyingi za simu, ina ngazi 0 mpaka 20. Ukiishusha haiwi kama mtu anayejifunza. Mara nyingine huchagua kusudi hatua mbovu na kuacha nzuri. Ndiyo maana utaona hatua tano za kitaalamu, halafu ghafla malkia analetwa mbele ya askari wako. Hukumtega. Umepewa.

Ama swali lako, lilikwisha zamani. Watu humtaja Kasparov, bingwa wa dunia wakati huo, kufungwa na kompyuta ya Deep Blue New York mwaka 1997, 3.5 kwa 2.5. Mimi hilo halinitishi sana. Lilikuwa dude la IBM likipitia mikao ya kete milioni 200 kwa sekunde. Linalonitisha ni la Buenos Aires, 2009. Programu ya Pocket Fritz 4, ndani ya simu ya mkononi, iliingia mashindanoni na watu, ikashinda michezo tisa na sare moja katika kumi. Na ilikuwa haifikishi hata mikao 20,000 kwa sekunde! Kumbe kazi si kuhesabu kila kitu, ni kujua kipi cha kuacha.

Kramnik naye, akiwa bingwa wa dunia, alifungwa 4 kwa 2 na programu ya Deep Fritz huko Bonn mwaka 2006, na mchezo mmoja hakuona kwamba mfalme wake anafungwa kwa hatua moja. (Niliposoma hilo nilipata nafuu kidogo.)

Ugrandmasta wataka pointi 2500 za kupimia uwezo, na Carlsen wa Norway, aliyepanda kuliko wote, alifika 2882 mwaka 2014. Programu zimepita 3000, ila pointi hizo huzipata kwa kuchuana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo usizipime kwa mizani moja na za watu.

Kinachonikera ni kwamba simu haisemi kwa nini. Mzee wetu mmoja nikimfunga huuliza, "Farasi yule ulimpeleka pembeni kwa nini?" nami namweleza mpaka aridhike au abishe. Simu yaniandikia +1.7, namba ya nani yuko mbele na kwa kiasi gani, basi.

Ukitaka kuijua, iweke ngazi ya juu kabisa, kisha uiondolee malkia kabla hamjaanza. Ndivyo nichezavyo siku hizi, na mara nyingi nashinda. Jana, bila malkia wake, ilinibana mpaka adhana ya Magharibi, nikashukuru kupata sare.