Upepo umeezua nyumba za wazee, nitume mabati au hela?

Mkuu mleta mada, umesema upepo umeezua nyumba za wazee wako kule Pangani, wewe uko Dar unauliza utume mabati au hela, na naona wengi wamekwambia mabati. Naomba nikusimulie yaliyotukuta sisi Bagamoyo, upande wa Kaole, sitaki yawakute hao wazee.

Ilikuwa masika, saa kumi jioni, na upepo wenyewe hata robo saa haukufika. Nilikuwa uani naanua dagaa nikasikia mvumo kama lori linakuja, kutazama mabati ya jirani yananyanyuka upande mmoja kama mtu anafunua sufuria, mara yakafuata yetu na kenchi zake, zile fremu za mbao za paa, zima zima. Bati moja tulilikuta limejiviringisha kwenye mnazi. Alhamdulillah mtaani hakufa mtu.

Kazi ilianza baadaye. Siku tatu za kwanza watu walijaa, unga, maharage, nguo, wiki ya pili kimya. Bibi yetu kila akitoka anafunga mlango kwa ufunguo na nyumba haina paa, ukimwambia anasema hii ni nyumba yangu. Biashara ya dagaa ikasimama, hela ya vikoba nikala, marejesho nikadaiwa. Tukaletewa mabati, tukashukuru sana, fundi akayapiga harakaharaka juu ya mbao zilezile zilizopasuka na misumari tuliyoinyoosha kwa nyundo. Kusi ilipokaza, mwezi wa saba, manne yakang'oka tena! Hapo nililia kuliko siku ya kwanza.

Fundi wa pili, mtu mzima, ndo akatufumbua macho. Akasema upepo ukipita juu ya paa unalivuta kwenda juu, na ukipenya mlangoni au dirishani unalisukuma toka chini, kwa hiyo paa linang'oka, halibomoki. Ukuta wetu ulikuwa mzima kabisa, tatizo hakuna kilichoshika paa na ukuta. Akachimbua mpaka kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, akafunga vipande vya nondo vikashika ile mbao inayolala juu ya ukuta, kila kenchi akaikaza kwa waya, pembeni na kwenye kingo misumari akaisogeza karibukaribu. Paa lile lipo mpaka leo.

Na huyo aliyesema hapo juu eti pwani yetu haina vimbunga, hapana ndugu yangu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilibomoa misheni hapahapa Bagamoyo na kulaza mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikapona. Kimbunga Hidaya nacho, Mei 2024, kilitua Mafia. Kile kisulisuli cha Joplin kule Marekani, Mei 2011, kiliua watu zaidi ya 150, kile hata ufunge vipi nyumba za kwetu hazikiwezi, ila pepo zetu hizi za masika paa lililofungwa lina nafasi kubwa ya kubaki.

Kwa hiyo tuma hela ya mbao, nondo, waya na fundi, mabati yaje mwisho, hata kama wazee watalala chini ya turubai wiki mbili zaidi. Mteue mtu mmoja asimamie, akupigie picha ya kila kenchi ilivyofungwa kabla bati halijapanda, maana yakishapanda huoni kitu.