Maswali yenu mwezi huu: kujiundia raifo nyumbani, gobore la babu na nyani wa Rungwe

Kamwene wasomaji wa Iringa, na wa Mbeya ugonile. Meseji nyingi mwezi huu zimekuja kuhusu silaha, sijui ni kwa sababu mahindi yameanza kubeba na wanyama wameshuka, au ni hizo video mnazoangalia kwenye simu. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana aliyeuliza ana kichwa cha ufundi na anastahili kujibiwa kifundi.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi fundi pikipiki hapa Mwanjelwa, nina miaka 26, injini naifungua na kuifunga hata taa ikizimika. Nimeona Wamarekani wanaagiza pati za raifo ya AR-15, mtutu wa kampuni hii, bolti ya kampuni ile, jioni moja tu mezani mtu anafunga na inalia. Nataka na mimi ya kwangu ya kwanza, nusu-otomatiki, nikalinde shamba la baba kule Chunya maana nguruwe pori wanatumaliza. Naomba unielekeze pati zipi zinaingiliana nisije nikapoteza hela. Fundi, Mwanjelwa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nikuambie mapema ili usisome huku unasubiri: orodha ya pati sitakupa. Sio kwamba nakudharau, ni kwamba nimefanya kazi ya askari wanyamapori miaka mingi na najua hii kitu inaishia wapi, sasa tulia nikueleze vizuri.

Hiyo unayoiona ni kweli, kwao ipo. Ile AR-15 ilibuniwa na kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950, herufi AR maana yake raifo ya ArmaLite, halafu mwaka 1959 Colt wakainunua ile haki. Kwa sababu imeundwa kwa vipande vinavyoachana, kampuni nyingi zikaja kutengeneza vipande hivyo. Na sheria yao inahesabu kipande kimoja tu, lile boksi la chini lenye namba, ndio bunduki yenyewe, vingine vinauzwa kama unavyonunua cheni na sproketi. Hata hivyo kwao hakujatulia, hizi za kuunda nyumbani zisizo na namba ziliwasumbua polisi mpaka mwaka 2022 serikali ikatoa kanuni ya kuzibana, kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi nzima, na Machi 2025 kanuni ikapitishwa. Kwaiyo usidhani ni uwanja huru, kuna majimbo huko ukijaribu unalala ndani.

Sasa njoo kwenye ufundi. Wewe unajua pistoni ya Boxer haiendi kwenye bloku ya TVS, na unajua kuna wakati pistoni inaingia kabisa, inapanda na kushuka, unafurahi, baada ya wiki mteja anarudi injini inakula oili. Kuingia ni jambo moja, kukubaliana ni jambo lingine. Kwenye pikipiki kosa hilo linakula oili. Kwenye bunduki linakula uso.

Tairi ya nyuma ya bodaboda unajaza upepo psi 30 na kitu, sio? Risasi ya kawaida ya hiyo AR, ile ya .223, ikilia ndani ya chemba, pale inapokaa nyuma ya mtutu, inafika psi 55,000 hivi. Na hiyo presha yote iko inchi chache kutoka kwenye shavu lako, kinachoizuia ni meno madogo ya bolti, kile chuma kinachofunga chemba, yaliyoshika nyuma ya mtutu. Nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi inapimwa kwa elfu za inchi kwa geji maalum, ikizidi kidogo ganda linapasuka na moto unarudi nyuma. Macho hayaoni hiyo tofauti, hata kidole chako ambacho kinajua bearing iliyokufa kwa kuizungusha tu hakitaiona.

Nitakupa mfano mmoja ambao hata Wamarekani wenyewe unawatesa. Kuna risasi inaitwa .300 Blackout. Ganda lake limezaliwa na ganda la .223, inakaa kwenye magazini ileile, bolti ileile inaishika. Ziweke mbili mezani, ukiwa na haraka utaokota yoyote. Ila kichwa cha hiyo .300 ni cha milimita 7.62 na mtutu wa ile .223 una tundu la milimita 5.56. Ikisukumwa kwenye chemba isiyo yake na ikafunga, mtu akivuta, risasi haina pa kutokea, na raifo inapasuka mikononi. Hao ni watu wenye viwanda, vitabu na geji, na bado wanaumia. Sasa wewe uko Mwanjelwa na kifurushi ambacho hujui kimetoka kwa nani.

Halafu sheria. Hapa kwetu tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ndiyo iliyofuta ile ya 1991. Kuunda silaha bila kibali ni jinai, na hakuna ile habari ya kusema mi nimenunua mtutu tu bado sijafunga, maana polisi wakikuta mtutu na bolti chini ya kitanda hawatakuuliza kama umefika nusu au umemaliza. Tena nchi yetu ilisaini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ya kuzuia silaha ndogo haramu, kwaiyo hata kifurushi cha posta ni kesi. Wewe ni kijana wa miaka 26, una mikono ya dhahabu, sitaki nikusikie uko gereza la Ruanda hapo Mbeya.

Kuhusu nguruwe wa baba. Raifo hata ingekuwa halali sio kifaa chake. Risasi ya 5.56 ukimkosa nguruwe inaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu, na usiku shamba la Chunya lina majirani wamelala kwenye madungu yao. Baba kama anataka bunduki kweli, aombe leseni ya shotigani kwa jina lake: anaanza serikali ya kijiji, barua inapita kamati ya usalama ya kata, wilaya, mkoa, polisi wanamchunguza, anaonyesha pa kuitunza. Inachukua muda, avumilie. Na hata akiipata, nguruwe ni mnyama wa serikali, lazima afisa wanyamapori wa wilaya ajue.

Kinachosaidia wiki hii ni dungu, mbwa wawili, tochi kali na majirani kupeana zamu, maana nguruwe akifukuzwa kwako anahamia kwa mwenzio na kesho anarudi. Anakuja kwa njia ileile, tafuta alama za kwato ukingoni mwa shamba asubuhi mapema kabla umande haujakauka, hapo ndipo pa kuziba kwa miiba na ndipo pa kuweka dungu, sio katikati ya shamba kama wengi wanavyofanya.

Na hiyo hamu ya kufunga vitu vinavyokaa kwa elfu za inchi usiizime. Nenda VETA Mbeya uulizie kozi ya fitta na mashine ya leti, kwa uzoefu ulionao utawaacha wengi. Huko geji utazishika kila siku. Na ukitaka kabisa kugusa silaha, jeshi na polisi wana mafundi wao, na kule Morogoro kuna Shirika la Mzinga la jeshi linalotengeneza risasi, lilianzishwa miaka ya 70. Wanaofanya ile kazi wamepita darasani.

SWALI: Shikamoo kaka. Mume wangu amefariki, kwenye kusafisha nyumba tumekuta gobore la baba yake darini juu ya jiko. Shemeji anasema tulifyatue hewani liishe tukalitupe mtoni. Mimi naogopa watoto na naogopa polisi. Mama Tumaini, Kilolo.

JIBU: Marahaba dada, na pole sana kwa msiba. Shemeji asiliguse, naomba umwambie leo hii ukimaliza kusoma. Wazee wengi walikuwa wanalitundika likiwa limeshashindiliwa, tayari kwa usiku, na baruti nyeusi ikikaa pakavu kama juu ya jiko haifi, inaweza kukaa miaka na miaka na ikawaka kama ya jana.

Miaka hiyo nikiwa doria upande wa Idodi niliitwa kwenye boma moja, mtu alikuwa amekaa mlangoni mkono umefungwa kwa kanga, kanga imeshakuwa nyeusi. Gobore lake lilikuwa limetengenezwa kwa bomba la maji, nyuma limechomelewa. Ile sehemu ya kuchomelea ilikuwa imefunguka kama ganda la karanga, mtutu wenyewe mzima kabisa, haukuwa na hata mkwaruzo. Kidole gumba na cha shahada havikuwepo. Alikuwa amelitumia zaidi ya miaka kumi, na siku hiyo alikuwa anafukuza ngedere tu.

Kwaiyo fanya hivi. Funga hicho chumba, watoto wasiingie. Liache lilivyo, usilichungulie, usimwage maji. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au polisi kata ukiwa mikono mitupu, mwambie mmelikuta na huenda limeshindiliwa, waje walichukue wenyewe. Usilibebe kwenye basi wala bodaboda, ukikamatwa njiani maelezo yanakuwa marefu. Serikali huwa inatoa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, kama ule wa Septemba na Oktoba 2022, na hata nje ya muda huo mjane anayekwenda mwenyewe na mtendaji siku ileile aliyolikuta anaeleweka. Mchukue na mtu mzima wa familia awe shahidi, na uombe maandishi kwamba mmelikabidhi.

SWALI: Mzee, mimi Rungwe, nyani wanakula mahindi mabichi mchana kweupe. Nasikia uzio wa mizinga ya nyuki unafukuza, nifunge? Asante.

JIBU: Ndaga ndugu yangu. Mizinga ni dawa ya tembo, inatundikwa kwenye waya kila baada ya mita kumi hivi, tembo akigusa waya yote inatikisika na nyuki wanatoka. Nyani anapita juu ya mti, hata waya hagusi. Kwa nyani hakuna kama mtu mzima shambani kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, na mbwa, wiki zile za mahindi mabichi tu. Nyani wanamwogopa mwanaume kuliko mtoto, kwaiyo usimtoe mtoto shule aende kuamia, atakosa masomo na mahindi yataliwa vilevile. Ukiweza, mwakani panda mahindi mbali na msitu na ule ukingo uweke chai au pilipili. Mizinga funga tu kama unataka asali.