Jibu: Mdogo wangu wa kiti cha magurudumu anataka kupanga chumba

Dada, umeuliza kama ni salama mdogo wako wa miaka 23 apange chumba chake Dar, na mama hataki hata kusikia. Mimi niko kwenye kiti tangu nina miaka 19, nimepanga mara tatu. Mwacheni aende, ila msilipe kodi ya miezi sita kabla ya kupima.

Beba futi kamba. Pima kiti kutoka ringi ya kusukumia hadi ringi ya pili. Changu ni sentimita 64. Chumba changu cha kwanza nilipita mlangoni bila shida, kumbe mlango wa choo ulikuwa na 60. Miezi minne nilishuka pale nje na kujiburuza kwenye sakafu yenye maji. Mwenye nyumba akaniambia, "Utazoea." Sikuzoea, nilihama.

Choo kiwe cha kukaa. Kama ni cha kuchuchumaa, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinasaidia.

Ngazi ya mlangoni: kila sentimita 1 ya kimo inataka 12 za urefu wa mteremko wa kupandishia kiti. Ngazi yenye kimo cha sentimita 15 inataka mteremko wa karibu mita mbili. Msimamieni fundi, maana wengi hujenga mteremko mfupi, mkali kama bembea ya kuteleza, unarudi kinyumenyume.

Akipata karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi, vizuri. Unaingia basi bila kupanda ngazi. Saa moja asubuhi lakini asahau, ule msongamano haumjui mtu.

Na mama akija kumtembelea, apige hodi.